Japani inaishiwa vijana: wageni wataiokoa, au inaazima mikono tu?

#1 Daftari

Salaam wakuu.

Mwaka 2024 Japani walizaliwa watoto 686,061. Tangu waanze kuweka kumbukumbu hizo mwaka 1899, idadi ilikuwa haijawahi kushuka chini ya laki 7. Mwaka huohuo walifariki watu kama milioni 1.6. Kila mtoto mmoja anapopokelewa, watu zaidi ya wawili wanaagwa. Watu wa umri wa kufanya kazi, yaani miaka 15 hadi 64, walifika kama milioni 87 mwaka 1995. Sasa wako kama milioni 74. Na wale waliozaliwa kwa wingi baada ya vita, kati ya 1947 na 1949, kufikia 2025 wote wametimiza miaka 75, umri ambao wengi wanaanza kuhitaji kushikwa mkono.

Serikali yao inasema mwaka 2040 itahitaji wahudumu wa wazee milioni 2.72, wakati mwaka 2022 walikuwepo milioni 2.15. Hao laki 5 na 70 elfu watatoka wapi?

Dai langu ni hili, na anayetaka alipinge: Japani haijaamua kupokea wahamiaji. Imeamua kuazima mikono. Na wenye mikono wakichoka kuazimwa wataenda kwingine. Mnaonaje?

#2 Nahodha

Mbona jibu liko wazi mkuu. Japani imejifungia, haipokei wageni kabisa. Wakitaka vijana wafungue mipaka, basi.

#3 Mshale

Nahodha, hiyo ilikuwa na ukweli zamani. Oktoba 2008 wafanyakazi wa kigeni Japani walikuwa hawafiki laki 5. Oktoba 2024 walikuwa milioni 2.3. Wa kwanza kwa wingi ni Wavietnam, kama laki 5 na 70 elfu, wakifuatiwa na Wachina na Wafilipino. Ukihesabu wakazi wote wa kigeni mwisho wa 2024, wanafunzi na familia wakiwemo, unapata kama milioni 3.77. Hao ni takriban watu 3 katika kila 100.

Mlango upo na watu wanapita. Cha kujadili ni masharti yaliyobandikwa juu yake.

#4 Nahodha

Nimekubali, sikujua wamefika huko. Lakini 3 katika 100 bado ni kidogo sana kwa nchi yenye pengo kama hilo.

#5 Bi. Zamu ya Usiku

Naomba nitie neno, maana mimi ni mmoja wa hao milioni 2.3.

Nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee mkoani Saitama, mwaka wa 7 sasa. Nilianza kama mwanafunzi wa lugha, nikaingia chuo cha uhudumu miaka 2, nikafaulu mtihani wa taifa, nikapata viza ya kaigo, yaani ya mhudumu wa wazee. Viza hiyo ipo tangu 2017 na unaihuisha kila muda wake ukifika, hakuna anayekuambia miaka yako imekwisha. Kwa hiyo Daftari, si kila mlango wa Japani ni wa kuazima. Huu wangu ni wa kukaa. Shida ni wembamba wake.

Usiku tuko wahudumu 2 kwa wazee 40. Tunaingia saa 10 na nusu jioni, tunatoka saa 3 na nusu asubuhi. Ni kuwageuza ubavu wasiojiweza wasipate vidonda vya kulalia, kubadilisha nepi, kumtuliza anayeamka saa 8 usiku akitafuta basi la kwenda kijiji ambacho alikiacha akiwa msichana. Kuna bibi mmoja wa miaka 94 ananiita kwa jina la binti yake. Mwanzoni nilikuwa namsahihisha kwa upole. Siku hizi naitika.

Kazi yenyewe nilizoea ndani ya miezi mitatu. Kilichonitesa ni kuandika. Kila kitu kinaingia kwenye daftari la zamu: kala kiasi gani, kanywa maji kiasi gani, ngozi ya mgongoni ikoje. Vidonda vya kulalia wanaviita jokuso, na herufi zake hata Wajapani wengi wanashindwa kuziandika kwa mkono. Usiku mmoja kiongozi wa zamu alinirudishia karatasi mara 4. Nililia chooni, nikanawa uso, nikarudi kumgeuza bibi.

#6 Chiriku

Dada, pole na hongera. Hapo ulipoandika "siku hizi naitika" nimesimama kusoma kwa muda.

#7 Mshale

Alichosema Bi. Zamu kuhusu herufi kina historia. Mwaka 2008 Japani ilianza kupokea wauguzi na wahudumu wa wazee kutoka Indonesia kwa mkataba wa kiuchumi, mwaka uliofuata Ufilipino, baadaye 2014 Vietnam. Hawa walikuwa wauguzi kamili kwao, wenye vyeti na uzoefu wa wodini. Wakatakiwa kufanya mtihani wa taifa kwa Kijapani kilekile wanachofanyia wenyeji. Mwaka 2009 walifanya wauguzi 82, hakufaulu hata mmoja. Mwaka 2010 walifanya 254, wakafaulu 3.

Baadaye waliongezewa muda wa mtihani, na juu ya herufi ngumu wakawekewa alama za kusomea. Ufaulu ukapanda kiasi. Lakini fikiria wale wa mwanzo, muuguzi wa miaka 10 anarudishwa kwao kwa sababu hakuweza kusoma jina la ugonjwa anaoujua kuutibu.

#8 Mwanahesabu

Mnajadili milango wakati hesabu yenyewe imegoma. Mwaka 2000 Umoja wa Mataifa ulitoa ripoti kuhusu nchi zinazozeeka, Japani ikiwemo. Walikuta kwamba ili Japani idumishe idadi ya watu wake isishuke, ingehitaji wahamiaji milioni 553 kati ya 1995 na 2050. Milioni 553! Hakuna sera ya viza itakayoleta watu hao. Kwa hiyo uhamiaji si dawa, tuufunge huu mjadala.

#9 Mshale

Mwanahesabu, umechanganya mafungu. Ripoti ile ilipiga hesabu tofauti tofauti:

Ili idadi ya watu wote isishuke, ilihitaji kama milioni 17 kwa kipindi chote.

Ili idadi ya watu wa miaka 15 hadi 64 isishuke, milioni 33.5, yaani kama laki 6 kila mwaka.

Ili uwiano wa watu wa umri wa kazi kwa kila mzee mmoja ubaki palepale ulipokuwa 1995, ndipo inakuja ile milioni 553.

Hiyo ya tatu waliiweka kuonyesha kwamba uwiano hauwezi kurudishwa kwa uhamiaji pekee, kwa sababu wahamiaji nao wanazeeka. Hakuna aliyewahi kuipendekeza kama mpango.

#10 Mwanahesabu

Asante kwa masahihisho, nilisoma haraka. Ila hoja yangu inasimama kwa mguu mmoja: mgeni wa miaka 25 leo ni mzee wa miaka 65 baada ya miaka 40, naye atahitaji mtu wa kumgeuza ubavu. Unajaza pipa linalovuja.

#11 Daftari

Linavuja, ndiyo, lakini mtu mwenye kiu hamwagi maji kwa sababu pipa linavuja. Miaka 40 ni muda mrefu sana kwa nchi kujipanga. Taasisi yao ya utafiti wa idadi ya watu ilikadiria mwaka 2023 kwamba ifikapo 2070 Japani itakuwa na watu kama milioni 87, na kama mmoja katika kila 10 atakuwa mgeni. Kwa hiyo wataalamu wao wenyewe wanaona wageni watakuja. Bunge na wananchi ndio hawajakaa wakasema kwa sauti, "hawa watu watakuwa sehemu yetu."

#12 Mkwe wa Akita

Nimesoma kimyakimya tangu mwanzo. Acha niwape picha ya huku.

Mke wangu ni wa Akita, kaskazini. Ndio mkoa wenye wazee wengi kuliko yote Japani, karibu 4 katika kila watu 10 wana miaka 65 na zaidi. Tulihamia kwao baba mkwe alipoanguka. Alikuwa juu ya paa akishusha theluji. Kila majira ya baridi wazee wanapanda paa kwa sababu nyumba isiposhushwa theluji inaelemewa, na kila mwaka wapo wanaoanguka. Baba mkwe alikuwa na miaka 76 na ndiye aliyekuwa akishusha theluji ya majirani zake watatu, kwa kuwa alionekana kijana.

Sasa napanda mimi. Kikosi cha zimamoto cha kujitolea cha kijiji kiliniomba nijiunge wiki ya pili tu. Nina miaka 41 na ndiye mdogo kuliko wote kikosini. Shule ya msingi ilifungwa kabla hatujafika, wameigeuza ghala. Hakuna aliyeniuliza nitakaa muda gani. Wananiuliza lini tunazaa mwingine.

Kwa hiyo nikisikia Tokyo wanajadili kama wageni wataharibu utamaduni, najiuliza utamaduni upi. Ngoma ya kijiji chetu ilikosa mpigaji miaka 3 mfululizo. Mwaka jana nilipiga mimi, mzee wa miaka 81 akinihesabia mapigo pembeni huku akinigonga begani nikikosea.

#13 Chiriku

Mkwe, tuletee picha ukiwa juu ya paa. Na ukiwa na ngoma.

#14 Kiranja

Naheshimu simulizi, lakini mnasahau Japani ndiyo nchi ya roboti. Watatengeneza mashine za kulea wazee kabla hawajahitaji wageni wengine. Roboti hachoki, hatumi pesa kwao, hahitaji viza.

#15 Bi. Zamu ya Usiku

Kaka Kiranja, kwetu mashine zipo. Kuna kifaa chini ya godoro kinachotuambia mzee ameamka au anapumua vibaya, na hicho nakishukuru kila usiku kwa sababu kinanipunguzia kukimbia. Kuna mkanda wa kiunoni wa kusaidia mgongo wakati wa kuinua. Kuna mashine ya kumhamisha mzee kutoka kitandani kwenda kwenye kiti cha magurudumu.

Hiyo ya mwisho imekaa stoo. Kuifunga na kuifungua kunachukua dakika 10, na nina wazee 20 wa kuamsha kabla ya kifungua kinywa. Halafu mzee mwenye kusahau akiona mkono wa chuma unamfuata anapiga kelele. Sisemi haitaboreka. Nasema kwa sasa mashine inamsaidia mhudumu aliyepo, lakini asipokuwepo haifanyi kitu.

#16 Msafiri wa Reli

Daftari anasema Japani haijawahi kuamua kupokea wahamiaji. Si kweli, walijaribu mara moja. Mwaka 1990 walibadilisha sheria wakawaruhusu wajukuu wa Wajapani waliokwenda Brazili na Peru kuja kuishi na kufanya kazi yoyote. Wazo lilikuwa kwamba wana damu ya Kijapani, basi watazoea. Walijaa miji ya Hamamatsu na Oizumi, kwenye viwanda vya magari na vifaa vya umeme. Ulipokuja msukosuko wa uchumi wa 2008, serikali ikawalipa yeni milioni 3 kila mmoja warudi kwao.

#17 Daftari

Asante Msafiri, huu mfano nilikuwa nautafuta. Sahihisho moja: mwaka 2009 ilikuwa yeni laki 3 kwa mfanyakazi na laki 2 kwa kila mtegemezi, si milioni. Na aliyechukua hakuruhusiwa kurudi kwa hadhi ileile ya ukaazi, zuio ambalo lililegezwa miaka kadhaa baadaye. Zaidi ya watu 20,000 walichukua wakaondoka.

Huu ndio uthibitisho wa dai langu. Viwanda vilipokuwa na kazi, waliitwa ndugu wa damu. Kazi ilipokatika, walipewa nauli. Watoto wao walikuwa tayari wanasoma kwa Kijapani, wengine hawajui hata Kireno vizuri. Leo Japani inalia haina vijana, na wale wangekuwa na miaka 25 au 30 sasa.

#18 Fundi wa Aichi

Niliowakuta kiwandani nilipoanza walikuwa baadhi ya Wabrazili waliobaki. Mmoja amenifundisha kila ninachojua kuhusu mashine ya kukandamiza bati. Mwaka 2009 kaka yake alichukua zile laki 3. Anasema tangu hapo mama yao hakuwahi kuwaona wote wawili kwenye meza moja hadi alipofariki.

#19 Tumaini la Asubuhi

Jamani mbona hamtaji habari kubwa? Agosti 2025 Japani iliipa Tanzania mji wa Nagai, mkoa wa Yamagata. Nilisoma kwenye gazeti la mtandaoni. Si ndiyo nafasi ya vijana wetu kwenda kufanya kazi hizo?

#20 Mshale

Tumaini, hapo naomba uwe makini, kwa sababu habari hiyo ilileta madhara. Kilichotokea ni kwamba kwenye mkutano wa maendeleo ya Afrika uliofanyika Yokohama, shirika la ushirikiano la Japani, JICA, liliteua miji 4 kuwa miji rafiki wa nchi 4 za Afrika: Nagai kwa Tanzania, Kisarazu kwa Nigeria, Sanjo kwa Ghana, Imabari kwa Msumbiji. Lengo lilikuwa kubadilishana watu na utamaduni. Nagai ilikuwa na urafiki na Tanzania kutoka maandalizi ya Olimpiki ya Tokyo. Hakukuwa na mji uliotolewa wala viza maalumu.

Lakini baadhi ya taarifa zilizotoka upande wa Afrika ziliandikwa kana kwamba kuna viza za kuhamia. Uvumi ukarudi Japani, ofisi za miji zikafurika simu na barua za hasira, na Septemba mwaka huohuo mpango wote ukafutwa. Wenyeji wa mji mdogo waliotaka urafiki tu wakajikuta wanatukanwa na watu ambao hawajawahi kufika huko.

#21 Chiriku

Tumaini ulikuwa umeshafunga begi, fungua taratibu.

#22 Tumaini la Asubuhi

Nimefungua, Chiriku. Asante Mshale kwa kunielewesha, nitaacha kusambaza ile habari.

#23 Fundi wa Aichi

Turudi kwenye dai la kuazima mikono, kwa sababu naliona kila siku kwenye mabweni ya kiwanda.

Kuna mpango ulioanza 1993 unaoitwa wa wanagenzi wa kiufundi. Kwenye karatasi lengo lake ni kuwafundisha vijana wa nchi nyingine ujuzi warudi nao kwao. Kwa vitendo ndio wanaopakia samaki, kushona nguo, kufunga nondo, kuvuna kabichi. Mwanagenzi hawezi kuhama mwajiri. Ukipangiwa mtu mbaya, vumilia miaka 3 au utoroke. Mwaka 2023 walitoroka 9,753.

Kwa nini hawarudi kwao badala ya kutoroka? Deni. Uchunguzi wa idara ya uhamiaji uliotolewa 2022 ulionyesha zaidi ya nusu ya wanagenzi walikuja wakiwa wamekopa, na Wavietnam walikuwa wamelipa kwa wastani kama yeni laki 6 na 88 elfu kwa mawakala kabla hata hawajapanda ndege. Kijana wa Kivietnam tuliyekuwa naye zamu moja alipunjwa saa za ziada miezi 5. Alienda kwa msimamizi akaambiwa avumilie. Usiku mmoja akaondoka. Asubuhi tulikuta chungu chake cha umeme bado kina wali wa moto, na jaketi langu alilokuwa ameazima amelikunja juu ya kitanda changu. Simlaumu. Nawaza tu yuko wapi akiugua, maana bima imekatika.

#24 Nahodha

Si ndio ule mpango unaoitwa tokutei ginou? Nilisikia umepanuliwa sana.

#25 Fundi wa Aichi

Hapana kaka, ni miwili tofauti. Tokutei ginou ulianza Aprili 2019, wakati wa waziri mkuu Abe Shinzo. Huo unakiri wazi kwamba wewe ni mfanyakazi, na unaweza kuhama mwajiri ndani ya fani yako. Machi 2024 serikali iliweka kikomo cha watu laki 8 na 20 elfu kwa miaka 5, na fani zikawa 16, madereva wa malori na mabasi wakiwemo. Ngazi ya kwanza ni miaka 5 bila familia. Ngazi ya pili unahuisha na unaruhusiwa kuleta mke na watoto.

Ule wa wanagenzi umepitishiwa sheria Juni 2024 kwamba utafutwa na kuwekwa mpya kuanzia 2027. Katika mpya, mtu ataweza kuhama baada ya mwaka 1 au 2 akitimiza masharti ya lugha na ujuzi.

#26 Jirani Mwema

Mimi naona mnazunguka. Tatizo ni mshahara. Mwaka 2021 dola moja ilikuwa kama yeni 110. Katikati ya 2024 ilipita yeni 160. Anayetuma yeni zilezile nyumbani amepoteza karibu theluthi bila kukosea chochote. Wastani wa kima cha chini mwaka 2024 ulikuwa yeni 1,055 kwa saa, na 2025 umepanda hadi 1,121, lakini Korea Kusini nayo inatafuta vijana haohao, tena uzazi wao ni mbaya zaidi, watoto 0.75 kwa mwanamke mwaka 2024 wakati Japani ni 1.15. Taiwan nayo ipo.

Kijana wa Hanoi hachagui nchi kwa sababu ya sera ya uraia. Anauliza nitabakiwa na kiasi gani. Uhudumu wa wazee unalipa chini ya wastani wa kazi nyingine, hata Wajapani wenyewe wanaukimbia. Pandisheni mishahara, nusu ya huu uzi inafutika.

#27 Bi. Zamu ya Usiku

Jirani, mshahara ni kweli, ila usisahau unatoka wapi. Tangu 2000 kuna bima ya matunzo ambayo kila mtu anaanza kuichangia akifikisha miaka 40. Bei ya huduma inapangwa na serikali. Bosi wangu hata akitaka kunilipa zaidi, hawezi kumtoza mzee zaidi kwa huduma ileile. Kupandisha mishahara maana yake ni kupandisha makato ya wachangiaji, na walio kazini ndio hao wanaopungua.

#28 Nahodha

Na akiba ya ndani je? Wanawake na wazee wenyewe.

#29 Mwanahesabu

Imeshachotwa kwa sehemu kubwa. Kati ya wanawake wa miaka 15 hadi 64, zaidi ya 7 katika 10 wako kazini. Mwaka 2012 walikuwa kama 6. Wenye miaka 65 na zaidi walio kazini walifika kama milioni 9.1 mwaka 2023, na tangu Aprili 2021 sheria inawataka waajiri wajitahidi kuwapa watu kazi hadi miaka 70. Kinachobaki ni kwamba wanawake wengi wako kwenye vibarua vya nusu siku.

#30 Mkwe wa Akita

Mwaka 2023 wastani wa umri wa wale ambao kilimo ndiyo kazi yao kuu Japani ulikaribia miaka 69. Baba mkwe, pamoja na kuanguka kule, alirudi shambani akiwa na fimbo. Mnaposema wazee wafanye kazi zaidi, mjue huku hawajawahi kuacha.

#31 Msafiri wa Reli

Natoka nje ya mada kidogo. Mnajua kwamba mwaka 1966 uzazi ulishuka ghafla hadi 1.58 kwa sababu ya imani tu? Ulikuwa mwaka wa farasi wa moto, hinoe-uma, na waliamini msichana anayezaliwa mwaka huo atakuwa na hasira na kumletea mumewe balaa. Kisha mwaka 1989 uzazi ukafika 1.57 bila imani yoyote, taifa likashtuka. Mwaka huo wa farasi unarudi kila baada ya miaka 60, na zamu yake ni 2026.

#32 Chiriku

Dada yangu asingeolewa huko kabisa, hata angezaliwa mwaka wa sungura.

#33 Mzee wa Busara

Nami niseme la upande wa pili, kwa sababu humu karibu wote tunawaona wenyeji kama wakaidi. Julai 2025 chama cha Sanseito kilipata viti 14 katika uchaguzi wa baraza la juu, kwa kaulimbiu ya "Wajapani Kwanza". Sipendi lugha yao. Lakini waliowapigia kura wapo wenye hofu ya kawaida: mtaa umebadilika na hakuna aliyewauliza.

Chukueni Oizumi. Karibu mkazi mmoja kati ya 5 ni mgeni. Serikali kuu ndiyo iliyotoa viza, lakini aliyeachiwa kazi ya kueleza siku za kutupa taka, kutafuta mkalimani wa kliniki na mwalimu wa lugha ni halmashauri ya mji mdogo. Na sheria ya elimu ya lazima haiwagusi watoto wasio raia. Mwaka 2019 wizara ya elimu ilihesabu ikakuta karibu watoto 20,000 wa kigeni huenda hawako shuleni. Watoto hao wakikua bila lugha wala cheti, wenyeji watasema "tuliwaambia", na mhamiaji atasema "mlituacha". Nani atakuwa mwongo hapo?

#34 Daftari

Mzee, umenigusa. Nakubali niliandika #1 kana kwamba Japani ni mtu mmoja mwenye nia moja. Kuna Tokyo, kuna kiwanda, kuna halmashauri, kuna kijiji cha Mkwe. Lakini bado nashikilia kwamba kutolitaja jambo kwa jina lake ndiko kunakozaa hao watoto 20,000. Ungekiri kwamba wazazi watakaa, ungejenga madarasa.

#35 Jirani Mwema

Mimi bado nasema mshahara.

#36 Mwanahesabu

Na mimi bado nasema hesabu.

#37 Kijana Mtafutaji

Habari zenu. Nimesoma wote. Naomba kuuliza, kwa tokutei ginou ya uhudumu wa wazee, Kijapani cha N4, ile ngazi ya pili kutoka chini kwenye mtihani wa lugha, kinatosha?

#38 Bi. Zamu ya Usiku

Mdogo wangu, karibu. Kwa kuingia, N4 inatosha, lakini kwa uhudumu kuna mitihani miwili zaidi: wa ujuzi wa kazi, na wa lugha ya kaigo yenyewe. Ngazi ya pili haipo kwenye fani hii, kwa hiyo ukitaka kukaa zaidi ya miaka 5 lazima ufaulu mtihani wa taifa uhamie kwenye viza kama yangu. Anza kuusomea siku ya kwanza, usingoje mwaka wa 4. Na wakala akikudai pesa nyingi kabla ya mkataba, muulize Fundi maswali yote kwanza.

Nitakuandikia orodha ya maneno ya daftari la zamu, jokuso likiwa la kwanza. Sasa hivi ni saa 10, naingia zamu. Bibi yangu ataanza kuniita.

#39 Fundi wa Aichi

Kijana, niandikie. Usitume hata yeni moja kwa mtu kabla hatujaongea.